Hofu ya Saratani kwa Kijana: Fundisho la Luther na Kazi ya Mchungaji

1. UTANGULIZI

Mchungaji anayehudumu mpakani, kama vile Kasesya, pale ambapo barabara itokayo Sumbawanga kupitia Matai inaingia Zambia, huwajua vijana wake kwa kazi zao. Wako wanaolima mahindi, maharage na ulezi. Wako matingo wa malori, wabadilisha fedha, wapakia mizigo na waendesha bodaboda. Mmoja wao akiugua malaria au akivunjika mguu, usharika hupata habari siku hiyo hiyo. Lakini yuko kijana mwingine ambaye habari zake haziwafikii wazee wa kanisa, kwa maana hajalala kitandani wala hakosi ibada. Huyu anaogopa kwamba ana saratani.

Tuchukue mfano wa kijana wa namna hiyo. Si mtu mmoja, bali ni sura ya wengi iliyowekwa pamoja ili tupate kuizungumza. Ana umri wa miaka 24. Miezi minne iliyopita alipapasa shingo yake akakuta kinundu kidogo, kiasi cha punje ya harage. Alikwenda zahanati, akaambiwa ni tezi iliyovimba kwa sababu ya jino bovu. Alifurahi siku tatu. Siku ya nne alisoma katika simu yake kwamba uvimbe wa shingo waweza kuwa dalili ya kansa, na furaha yote ikamtoka. Alikwenda Matai, kisha Sumbawanga, akapimwa damu na kupigwa picha, akaambiwa hana neno. Alitulia juma moja. Sasa anajipapasa shingo asubuhi kabla ya kuvaa shati, mchana akiwa shambani, na usiku kabla ya kulala. Ameuza magunia ya mahindi aliyoyaweka kwa ajili ya mahari. Ameisogeza mbele ndoa yake bila kumweleza mchumba wake sababu. Na leo, kwa mara ya tatu, amekuja kuomba awekewe mikono, naye anauliza: "Baba Mchungaji, ni kweli sina kitu?"

Mchungaji amjibu nini? Yako majibu mawili yaliyo rahisi. La kwanza ni kumwambia kwamba imani yake ni haba. La pili ni kumwambia, "Huna kitu, mwanangu, nenda kwa amani." Jibu la kwanza humjeruhi. La pili humtuliza kwa siku tatu, kisha humrudisha akiwa na hofu kubwa kuliko ile ya kwanza. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini majibu yote mawili hayafai, na kuonyesha kwamba sisi Walutheri tumeachiwa katika historia ya imani yetu jibu la tatu, lililo bora zaidi. Hoja yetu ni moja: kijana anayeuchunguza mwili wake bila kikomo yumo katika shimo lile lile alimokuwamo Luther kijana alipoichunguza dhamiri yake bila kikomo, na njia ya kutoka ni ile ile, yaani kuliegemea neno litokalo nje yetu, wala si kutafuta uhakika ndani yetu.

2. MAANA YA HALI HII

Neno saratani tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo maana yake ni kaa, mnyama wa pwani mwenye magando. Wagiriki waliuita ugonjwa huu karkinos, na Warumi wakauita cancer, ambalo ndilo asili ya neno letu kansa. Majina yote matatu yana maana ile ile moja. Waganga wa kale waliona mishipa ikitambaa kuuzunguka uvimbe kama miguu ya kaa. Basi jina lenyewe limebeba picha ya kitu kinachoshika na kisichoachilia. Zaidi ya hayo, wagonjwa wengi wa huku kwetu hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Kijiji kinawakumbuka waliokufa, kwa kuwa kiliwazika. Waliopona aghalabu hawasemi. Ndiyo maana kijana akilisikia neno hili husikia hukumu.

Hofu ya ugonjwa nayo ni jambo la kale. Wagiriki waliipa jina lenye maana ya sehemu iliyo chini ya mbavu, kwa kuwa walidhani chanzo chake ni tumboni. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kililiacha jina hilo la kale katika kitabu chake cha utambuzi wa magonjwa, kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, lilikuwa limegeuka kuwa dhihaka. Badala yake kiliigawa hali hiyo mara mbili: wale wenye maumivu au dalili halisi zinazowatesa mno mawazoni, na wale ambao dalili zao ni ndogo au hazipo, lakini wanasumbuliwa na wazo la kuwa wagonjwa. Sisi katika makala hii tutaiita kwa Kiswahili cha kawaida: hofu ya ugonjwa.

Ni lazima tuseme wazi kwamba hofu hii si uongo wala si kujidekeza. Kijana huyu hajifanyi mgonjwa. Moyo wake unakwenda mbio kweli, kifua chake kinabana kweli, na usingizi unampotea kweli. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 nchini Sweden, uliowafuatia watu waliotambuliwa na madaktari kuwa na hali hii, ulionyesha kwamba walikufa mapema kuliko wenzao, na kwamba hatari ya kujiua kwao ilikuwa takriban mara nne ya watu wengine. Kwa hiyo mchungaji anayeicheka hofu hii anacheka jambo linaloweza kuua.

3. SARATANI INA KANUNI ZAKE

Mchungaji si daktari. Hata hivyo hana budi kujua mambo machache ya kweli, ili asiwe yeye mwenyewe chanzo cha hofu au cha uzembe.

Jambo la kwanza ni kwamba saratani haiwapigi watu wote sawasawa. Ina umri wake, mahali pake na sababu zake. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya uliowapata watoto. Mwaka 1961 alifunga safari ndefu kwa gari pamoja na madaktari wenzake wawili, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali kama uvimbe ule unaonekana. Aligundua kwamba ulikuwa wa kawaida katika nchi za joto na mvua, na wa nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Saratani nyingi nyingine nazo huwapata zaidi watu wa makamo na wazee. Ulimwenguni kote, mwaka 2022, watu wapatao milioni 20 waliambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wana saratani. Lakini sehemu kubwa ya hao hawakuwa vijana.

Jambo la pili ni kwamba kuwa nadra si kutokuwapo. Vijana nao huugua saratani, na yako mambo ambayo kijana hapaswi kuyanyamazia. Kinundu kigumu katika korodani, hata kama hakiumi, chapaswa kuonwa na daktari upesi; saratani ya hapo ni ya nadra Afrika, lakini huwapata hasa vijana, nayo hupona vizuri ikiwahiwa. Vivyo hivyo uvimbe unaoendelea kukua kwa majuma kadhaa, chakula kukwama katika umio, kwa kuwa saratani ya umio huonekana mashariki mwa Afrika kuliko sehemu nyingi za dunia, kidonda kisichopona, damu katika haja ndogo au kubwa, na kukonda pasipo sababu. Mengi ya hayo kwa kijana huwa na sababu nyingine inayotibika: tezi za shingo huvimba kwa jino au kwa koo, damu katika mkojo yaweza kuwa kichocho, na kikohozi cha majuma mawili pamoja na jasho la usiku yaweza kuwa kifua kikuu. Lakini sababu hizo nazo zahitaji tiba. Aendaye kupimwa hapotezi kitu.

Jambo la tatu ni kwamba iko njia ya kujikinga, nayo haina uhusiano wowote na kujipapasa. Saratani ya ini husababishwa kwa sehemu kubwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, na pia na sumukuvu inayoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Tangu mwaka 2002 watoto wachanga wa Tanzania wamekuwa wakichanjwa dhidi ya homa hiyo ya ini. Katika mkoa wa mahindi kama Rukwa, kijana anayekausha mavuno yake vizuri kabla ya kuyatia ghalani, asiyevuta sigara, asiyezidisha pombe, na anayejua hali yake ya virusi vya UKIMWI, amefanya mengi kuliko yule anayejigusa shingo mara mia kwa siku.

4. KWA NINI HAKIKISHO HALITULIZI

Hapa ndipo penye fumbo. Ikiwa kijana amepimwa na kuambiwa hana ugonjwa, mbona hatulii? Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Uingereza, Paul Salkovskis na Hilary Warwick, waliandika kwamba hakikisho analolitafuta mgonjwa wa hofu ndilo linaloilisha hofu yake. Maelezo yao yalisaidia kuweka msingi wa tiba ya mazungumzo inayotumika hata leo. Tunaweza kuyaeleza kwa mfano wetu.

Kijana anahisi hofu. Anajipapasa ili ajue kama kinundu kimekua. Kwa kupapaswa na kuminywa kila siku, mahali pale panauma na kuvimba. Naye anayachukua maumivu yale kuwa ushahidi. Hofu inaufanya moyo uende mbio na koo likabe, ingawa chakula kinapita bila shida. Naye anauhesabu huo kuwa dalili mpya. Anaposhindwa kula kwa ajili ya mawazo, anakonda. Na kukonda kunamthibitishia alilokuwa akiliogopa. Ndipo anapokimbilia kwa mtu wa kumwambia kwamba hana kitu. Akiambiwa, anapata nafuu. Na nafuu ile inamfundisha kwamba dawa ya hofu ni kuuliza. Kesho shaka ndogo inapoingia, "Je, daktari aliangalia vizuri?", anauliza tena. Hivyo kila hakikisho linafupisha muda wa amani na kuongeza kiu. Mwenye kiu anayekunywa maji ya chumvi haishi kiu kwa kuongezewa kikombe.

Chanzo cha mzunguko huu ni madai ambayo hayawezi kutimizwa. Kijana hataki kujua kwamba yaelekea ni mzima. Anataka kujua kwa uhakika kamili kwamba hana, wala hatakuwa na, ugonjwa wa kufisha. Hakuna daktari wa Ocean Road wala wa nchi yoyote anayeweza kumpa mwanadamu uhakika huo. Kijana anakiomba kipimo kitu ambacho Mungu hakukiweka ndani ya kipimo.

5. LUTHER KIJANA NA UCHUNGUZI USIO NA MWISHO

Tarehe 2 Julai 1505, karibu na Stotternheim, kijana wa miaka 21 aliangushwa na radi njiani. Kwa kuogopa kifo cha ghafula aliweka nadhiri kwa Mtakatifu Anna kwamba atakuwa mtawa, na mwezi huo huo akaingia katika nyumba ya Waagostino huko Erfurt. Sote twaijua habari hii. Tusilolitilia maanani ni kwamba matengenezo ya Kanisa yana mwanzo wake katika kijana aliyeogopa kufa.

Ndani ya nyumba ya watawa hofu ile haikuisha, bali ilibadili mahali. Luther aliichunguza dhamiri yake kama vile kijana wetu anavyoichunguza shingo yake. Aliungama kwa saa nyingi, akapewa ondoleo, akaenda zake. Kisha akakumbuka dhambi nyingine ndogo, au akashuku kwamba majuto yake hayakuwa ya kweli, akarudi. Mlezi wake, Johann von Staupitz, alichoshwa na kurudi kule. Lakini Staupitz hakumwambia kwamba hana dhambi, wala hakumwambia ajichunguze kwa bidii zaidi. Alimwelekeza aache kujitazama, ayatazame majeraha ya Kristo.

Kutoka hapo yametokea mafundisho mawili tunayoyafundisha kila mwaka darasani. La kwanza ni kwamba haki yetu iko nje yetu, katika Kristo, nayo hutujia kwa Neno na Sakramenti. Kwa hiyo amani yetu haitegemei tunachokiona tukijipekua. La pili ni tofauti iliyopo kati ya usalama na uhakika. Usalama ni hali ya mtu anayetaka kuwa na kila kitu mkononi ili asimhitaji mtu wala Mungu. Uhakika wa imani ni kumtegemea aliyeahidi, hata pale tusipoona. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika Ibara ya 11, linatunza ungamo la faragha, lakini linasema kwamba si lazima kuzihesabu dhambi zote moja moja, kwa kuwa jambo hilo haliwezekani. Mababa zetu walijua kwamba mtu akiamriwa kuhesabu kisichohesabika hatakuwa na amani kamwe.

Tukiyageuza hayo kwa habari ya mwili, maana yake ni dhahiri. Haiwezekani kuzihesabu hatari zote za mwili moja moja. Anayejaribu kufanya hivyo anajitwisha sheria isiyo na injili.

6. KIKOMBE CHA UHAKIKA

Kiu ya uhakika wa namna hii haikuanza na simu za mkononi, nayo si ya kijana mmoja tu. Historia ya pande zetu ina ushuhuda. Miaka ya 1930 harakati iitwayo Mchape, iliyoanzia Nyasaland, yaani Malawi ya leo, ilienea hadi Rhodesia ya Kaskazini na kuvuka mpaka. Waganga wake walifichua wachawi na kuwanywesha watu dawa ili kijiji kizima kiwe salama. Mtaalamu wa mila Roy Willis ameandika jinsi harakati ya namna hiyo, iitwayo Kamchape, ilivyoingia kwa Wafipa katika miaka ya 1960. Hata jina la Sumbawanga wenyeji hulieleza kuwa maana yake ni kutupa uchawi. Watu walikunywa, wakafurahi, na baada ya muda magonjwa na mashaka yakarudi. Ndipo wakangoja dawa nyingine.

Mwaka 2011 ilikuwa zamu ya kanisa letu wenyewe kuulizwa swali hili. Huko Samunge, Loliondo, Mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021, aliwapa watu kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500, akisema ameoneshwa na Mungu kwamba kinaponya UKIMWI, kisukari, saratani na magonjwa mengine. Maelfu walisafiri kutoka kila upande wa Tanzania na nchi jirani, na foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi. Haitupasi kuwacheka waliokwenda, maana walikuwa katika dhiki. Lakini tunapaswa kujifunza: walikuwako walioacha dawa zao za hospitali, na walikuwako wazima waliokunywa ili tu wawe na hakika kwamba hawataugua.

Hatari ya kiu hii ni kwamba, isipopata kikombe, hutafuta mtu wa kulaumiwa. Kijana asiyepata sababu ya hofu yake hospitalini yuko tayari kuambiwa kwamba sababu ni bibi jirani mwenye macho mekundu. Hofu ya mwili hugeuka kuwa chuki, na chuki imemwaga damu ya wazee wengi katika nchi yetu. Mchungaji anapomtunza kijana mwenye hofu, huenda anamlinda pia mama mzee asiyejua kwamba jina lake limetajwa.

7. MAANDIKO YANASEMAJE

Kwanza, Maandiko hayahesabu hofu ya kifo kuwa ni kukosa imani. Bwana wetu mwenyewe huko Gethsemane alihuzunika kiasi cha kufa (Marko 14:33-34), naye Waraka kwa Waebrania unasema aliomba kwa machozi (5:7). Aliyefadhaika hivyo hawezi kumfukuza kijana aliyefadhaika.

Pili, Maandiko hayatenganishi sala na tiba. Mfalme Hezekia alipougua alilia na kuomba, na Mungu akamwongezea miaka 15. Lakini nabii yule yule aliyeleta ahadi ndiye aliyeagiza bumba la tini liwekwe juu ya jipu (Isaya 38). Luther naye, katika barua yake ya mwaka 1527 kwa Johann Hess wa Breslau juu ya tauni, alifundisha kwamba kukataa dawa ni kumjaribu Mungu, na kwamba Mkristo anajilinda kwa busara, lakini hamkimbii jirani anayemhitaji. Huku kwetu tunaye shahidi wa jambo hili katika kanisa dada. Adrian Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Hapo alikuwa mkatekista na tabibu kwa pamoja hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Kikatoliki ya Sumbawanga inaitwa kwa jina lake.

Tatu, tuangalie neno lenyewe la kusumbukia. Katika Mathayo 6:25-34 Bwana anawakataza wanafunzi wake kusumbukia maisha na mwili. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo ni merimnao. Lakini kitenzi hicho hicho Paulo anakitumia kwa sifa: Timotheo anawajali Wafilipi kwa moyo wa kweli (Wafilipi 2:20), na viungo vya mwili wa Kristo vinatakiwa kutunzana (1 Wakorintho 12:25). Basi Mungu hatudai tung'oe uwezo wa kujali. Anaugeuza mwelekeo wake. Mzigo wa nafsi zetu tunamtwika yeye (1 Petro 5:7), na mikono iliyokuwa ikiupapasa mwili wetu wenyewe inapewa Mwili mwingine wa kuutunza.

8. MASHAURI KWA MCHUNGAJI

Kutokana na hayo twatoa mashauri yafuatayo.

(a) Msikilize kwa ukamilifu. Muulize hofu ilianza lini. Mara nyingi ilianza baada ya msiba: kaka, mjomba au rafiki aliyekufa kwa saratani. Wakati mwingine nyuma ya hofu kuna dhambi ya siri, na kijana anangoja ugonjwa kama adhabu. Huyo mpe nafasi ya kuungama na umtangazie ondoleo. Kisha mfundishe Yohana 9, ambapo Bwana anakataa kuufunga ugonjwa wa mtu na dhambi yake.

(b) Mpeleke apimwe vizuri mara moja. Kwa mtu wa Kasesya, Sumbawanga ni safari na gharama, na wengine huona Mbala, upande wa Zambia, ni karibu zaidi. Hata hivyo afadhali safari moja iliyokamilika kwa daktari mmoja kuliko vituo vitano vya haraka. Amwombe daktari amtajie dalili ambazo zikitokea atapaswa kurudi, nazo ziandikwe. Daktari akiona haja ya kumpeleka mbele, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoundwa mwaka 1996 jijini Dar es Salaam, Bugando au KCMC, usharika umsaidie nauli bila kuchelewa.

(c) Baada ya hapo usimpe hakikisho jipya. Atakapouliza mara ya nne, mwambie kwa upole: "Mwanangu, swali hilo tulikwisha kulijibu pamoja na daktari. Nikilijibu tena leo nitailisha hofu yako. Lakini nitakaa nawe wakati hofu inapita." Waombe wazazi na mchumba wake wafanye vivyo hivyo. Huu si ukatili. Ni kuacha kumnywesha maji ya chumvi.

(d) Patana naye juu ya kujipapasa. Aliyezoea kujigusa kila saa aanze kwa kuacha mchana, kisha asubuhi. Aache kutafuta magonjwa katika simu. Hofu itapanda kwanza, kisha itashuka yenyewe bila kujibiwa, naye atajifunza kwamba inaweza kushuka.

(e) Usibishane sana na mawazo yake, wala usimwache peke yake. Mwaka 1530 Luther alimwandikia Hieronymus Weller, mwalimu wa watoto wake aliyesongwa na huzuni, akimshauri aukimbie upweke, atafute watu, acheke nao, na asijadiliane na mawazo yale. Kwa kijana wa Ufipa hii ni kwaya, ni shamba, ni mpira wa jioni, ni kumsindikiza mwinjilisti kwenda kuwaona wagonjwa.

(f) Mpe Meza ya Bwana. Hapo mwili wake unapokea neno lisilotoka katika mwili wake: kwa ajili yako. Hilo hahitaji kulipima.

(g) Tambua hatari. Kijana akikosa usingizi siku nyingi, akiacha kula, au akianza kusema kwamba heri afe, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, wala usimwache aende peke yake. Kutibiwa akili si aibu kwa Mlutheri. Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wetu walianzisha mwishoni mwa karne ya 19 makao ya watoto waliookolewa utumwani, ambayo baadaye yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Wachungaji wenye nafasi watafute mafunzo ya uchungaji wa hospitalini yatolewayo KCMC, Moshi.

9. HITIMISHO

Yawezekana msomaji akauliza: na ikiwa siku moja majibu yatakuwa mabaya? Ikiwa kijana huyu kweli ana saratani? Swali hili ndilo linaloupima uchungaji wetu wote. Mchungaji aliyejenga amani ya kijana juu ya maneno "huna kitu" atakuwa hana la kusema siku hiyo. Lakini aliyemfundisha kuegemea ahadi iliyo nje yake hatabadili hata neno moja. Ubatizo wake utakuwa ule ule, ondoleo ni lile lile, na Bwana aliyemshika akiwa mzima ndiye atakayemshika akiwa mgonjwa. Faraja inayofaa kwa mwenye hofu haina budi kuwa ile inayoweza kusimama pia kando ya kitanda cha mgonjwa.

Basi kijana wetu arudi Kasesya. Kinundu chake daktari amekiona, na dalili za kurudi amezijua. Siku zake zimo mikononi mwa Mungu kama zilivyokuwa kabla hajajipapasa shingo. Msimu wa kupanda ukifika apande, na mchumba wake aambiwe ukweli, maana naye ana haki ya kuibeba hofu hiyo pamoja na mwenzake.